Nyongeza

Sogeeni, wajukuu. Aliye juani aje kivulini, na mwenye simu mkononi aiweke kwanza, haitakimbia. Nataka kuwasimulia habari za msichana aliyeuza vyungu.

Kusini ya mji wa Unguja kuna rasi iitwayo Fumba. Huko, karibu na mwaka 1880, alizaliwa mtoto wa kike akapewa jina la Mtumwa. Wazazi wake walikuwa watu wa jembe na udongo: wakilima na kufinyanga. Binti naye akajifunza kufinyanga, na shingo yake ilipopata nguvu akawa anajitwika vyungu na kwenda kuvitembeza. Mwendo ulikuwa mrefu, na wa miguu. Sasa, muuza vyungu hana budi kuwajulisha watu walioko ndani kwamba amefika. Angeweza kupaza sauti tu, "Vyungu! Vyungu hivyo!" na mwenye haja angetoka. Yeye aliimba. Aliviimbia vyungu vyake njia nzima, na sauti ile ikawa inamtangulia.

Msichana huyo ndiye Siti binti Saad. Alihamia mjini mwaka 1911, akafunzwa kuimba pamoja na ala, na mwaka 1928 akavuka bahari mpaka Bombay, Uhindini, kurekodi santuri za taarabu kwa Kiswahili. Baadaye Shaaban Robert alimwandikia kitabu kizima cha wasifu wake. Hayo mtayasoma shuleni, na mkiyasoma mtadhani hadithi yake inaanzia Bombay. Mimi nawaomba mmwache kwanza palepale njiani, chungu kichwani, jua la asubuhi usoni, hakuna santuri wala mtu wa kumpigia makofi. Chungu ni chungu. Wimbo haukukiongezea ukubwa, wala haukukizuia kuvuja. Kwa nini basi aliimba?

Nyinyi mnatumwa sokoni, kwa hiyo jibu mnalijua. Mama kaagiza fungu moja la nyanya. Muuzaji anazihesabu, anazitia kwenye kikapu, mnalipa, biashara imekwisha. Kisha, kama ni mtu wa watu, mkono wake unarudi mezani, unaokota nyanya moja zaidi na kuitumbukiza ndani. "Haya, na nyongeza." Nyanya hiyo hamkuilipia, na hakuna aliyemlazimisha kuitoa. Lakini tazama wewe mwenyewe unavyorudi nyumbani: ile moja ndiyo utakayomsimulia mama, siyo zile ulizonunua.

Basi wimbo wa Siti ulikuwa nyongeza. Na nyumba zetu, hizi mnazoziona za kawaida mpaka mnazichoka, zimejaa nyongeza. Kila kizuri mnachokiona humu ndani, jueni kuna mtu ambaye alikuwa amekwisha kutimiza haja, angeweza kuondoka akapumzike, kisha mkono wake ukarudi. Leo nataka niwaoneshe mikono hiyo, maana vitu mnavitazama lakini mikono hamuioni.

Tuanze na mkeka, kwa kuwa ndio mlioukalia.

Mkeka wa kwetu Pemba ni wa ukindu. Mkindu ni mti wa jamii ya mtende, hupenda kuota mabondeni penye unyevu. Kinachotakiwa ni kuti lake changa, lile ambalo bado limejifumba na halijashika ukijani. Hukatwa, likaletwa nyumbani, likachambuliwa, kisha likaanikwa juani. Jioni huingizwa ndani lisipigwe na umande, asubuhi hutolewa tena, mpaka ukindu ukauke na uwe mweupe. Hapo huchanwa kwa upana mmoja. Kuchana huonekana kazi ya kitoto mpaka mtu aijaribu. Kipande kimoja kikiwa kinene kuliko mwenzake, kazi yote itakayofuata itakwenda upande.

Sasa tazameni. Ukindu huo mweupe ukiusuka hivyohivyo, unapata mkeka. Utakaliwa, utalaliwa, na mtu ataswalia juu yake. Haja imetimia. Lakini mwanamke anayesuka haridhiki. Anakwenda dukani kununua rangi ya unga, zambarau, kijani, nyekundu. Anateleka sufuria kuukuu, ile isiyopikiwa chakula tena, maji yakichemka anatia rangi, anazamisha ukindu na kuugeuza kwa kijiti, moshi wa kuni ukimchoma macho. Kisha anauanika mara ya pili. Vidole vyake vitabaki vya zambarau siku kadhaa, atakanda unga navyo, atamwosha mtoto navyo. Kazi imeongezeka, gharama imeongezeka, na mkeka hautakuwa laini zaidi kwa sababu ya zambarau.

Halafu ndipo anaposuka. Kinachosukwa ni ukili, mshipi mwembamba na mrefu unaotoka vidoleni tu, bila ya chombo chochote. Wala hakuna karatasi yenye mchoro. Hesabu iko kichwani: nyeupe ngapi, zambarau ngapi, wapi uruke, wapi urudi. Mama zetu walisuka alasiri, kuanzia saa kumi hivi, kazi za jikoni zikiwa zimetulia. Walikaa uani au barazani, miguu wameinyoosha, ukili ukikua mapajani na kujiviringa. Na walizungumza. Habari zote za mtaa zilipita hapo: nani kaposwa, nani mgonjwa apelekewe uji, karafuu mwaka huu zinakwendaje. Mtu akija na jambo zito, mikono ilipunguza mwendo, lakini haikusimama. Mimi nilipokuwa mdogo, maneno ya watu wazima yalinipita, basi nilitazama vidole vya bibi yangu. Vikienda mbio, habari ni za arusi. Vikizubaa, najua kuna msiba, naacha kucheka.

Ukili ukitosha, hukatwa vipande na kuungwa ubavu kwa ubavu. Hapo ndipo fundi anapojulikana, kwa sababu nakshi ya kipande hiki inatakiwa ikutane na ya kipande kile bila kupishana. Wiki zinapita, pengine miezi. Na mkeka ule ukishakuwa mzuri kuliko yote ya nyumbani, aliyeusuka haulalii. Huuviringisha akauhifadhi. Unamsubiri mgeni, au unasubiri arusi ya binti yake.

Mtaniuliza, kwani mkeka wa plastiki wa dukani una kasoro gani? Hauna. Mimi mwenyewe ninao, unaosheka upesi, haushiki vumbi, na una picha ya twiga katikati. Ila twiga yule anatazama kushoto, na sina mtu wa kumwuliza kwa nini. Mkeka wa ukindu nikiona mahali rangi imeruka pasipostahili, najua aliyesuka alicheka, au aliitwa na mtoto, au jua lilimkuchia. Naweza hata kumfuata nikamtania.

Kanga sitaizungumzia sana, kwa kuwa mama zenu wanazijua kuliko mimi na wanazo za kufungulia duka. Nitasema moja tu. Nguo hii ilianza kuvaliwa pwani yetu mwishoni mwa karne ya 19. Inauzwa doti, vipande viwili vinavyofanana. Kila kipande kina pindo pande zote nne, kina mji katikati, na chini ya mji kina jina, yale maneno yanayosomwa. Majina ya zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye yakaja kwa herufi hizi mnazosomea. Haya niambieni, nguo inahitaji maneno ya nini? Pindo linatosha kupendeza, kitambaa kinatosha kusitiri. Lakini mtu aliona ni vyema nguo iseme, na ikasema kweli. Mama na binti wamenuniana tangu asubuhi, hakuna anayetaka kuanza. Jioni binti anakuta kanga mpya imekunjwa juu ya kitanda chake, jina limewekwa juu makusudi: Wema hauozi. Hakuna aliyefungua mdomo. Binti ataivaa, na mama akimwona amevaa atajua amejibiwa. Na ile kanga ya pili ya doti iko kiunoni mwa mama mwenyewe, ndiyo raha ya vitu vinavyouzwa viwili viwili.

Na nguo hiyohiyo, msisahau, ndiyo mbeleko mliyobebewa mgongoni. Ikichakaa inakuwa shuka ya mtoto, ikichakaa zaidi inakuwa kitambaa cha kushikia sufuria, na jina bado linasomeka nusu.

Twendeni jikoni. Hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu jambo nitakalowaambia hutendeka mbele ya macho yenu na nina hakika hamjaliona.

Wali wa nazi unaanza na mtu amekalia mbuzi. Nazi imevunjwa, maji yake yamenywewa na mtoto aliyekuwa karibu (kila mara kuna mtoto aliyekuwa karibu), na sasa inakunwa, kifuu kikizungushwa taratibu mpaka weupe wote udondoke kwenye sinia. Nazi hiyo inatiwa maji kidogo, inakamuliwa: hilo ni tui zito. Chicha zinatiwa maji tena, zinakamuliwa: hilo ni tui jepesi. Mpishi hachanganyi. Tui jepesi ndilo linaloanza kuivisha, na zito linangoja saa yake. Angeweza kumimina yote mara moja, watu wangeshiba vilevile. Anangoja, na kungoja huko ndiko mnakosikia harufu yake mkiwa bado njiani mnatoka chuoni.

Chakula kikiiva kinapakuliwa kwenye sinia moja. Mmoja anapita na birika na beseni, anawamiminia wenzake maji ya kunawa. Mnakaa duara, bismillahi, kila mtu anakula upande wake. Nyinyi mmefundishwa kwamba ni utovu wa adabu kupeleka mkono upande wa mwenzio, na mkono wenu mnauzuia vizuri. Kitoweo kiko katikati, samaki, tuseme changu wawili kwa watu saba.

Sasa. Nyinyi huwa mnaona samaki yuko tu mbele yenu. Mnamaliza, mnatazama, yupo tena. Mnadhani changu wa nyumba hii anajiongeza mwenyewe? Kesho msitazame samaki, tazameni vidole vya shangazi yenu. Anazungumza na baba yenu habari za ada ya shule, macho yako kwa baba, na huku vidole vitatu vinachambua mnofu, vinaupapasa kutafuta mwiba, vinatoa mwiba na kuuweka ukingoni, kisha vinausukuma mnofu pole pole kuvuka wali mpaka upande wa mtoto mdogo kuliko wote. Hatazami. Wala mazungumzo hayakatiki. Akimaliza huyu anahamia kwa anayefuata. Na mkiangalia zaidi mtamwona mama yenu naye anafanya vivyo hivyo kutoka upande wa pili, tena mara nyingine hao wawili wanasukumiana mnofu mmoja, huyu anapeleka, yule anarudisha, kimyakimya, mpaka mmoja ashindwe.

Nimekula kwenye hoteli, mbele ya vitambaa vyeupe na uma wa fedha. Sijawahi kuona kitu kizuri mezani kinachofikia vidole vile.

Ukoko nitauacha. Ukoko kila mtoto anaujua, na vita vya ukoko si vya kusimuliwa mbele ya watoto wa jirani.

Jioni inapoingia, asumini hufumbuka. Kwetu walio na mti uani huchuma vitumba vikiwa bado vimefumba, kabla ya magharibi, vije vifumbuke vikiwa ndani ya nyumba. Vingine huchanganywa na rehani na mkadi, na waridi likipatikana, vikafungwa kikuba cha kuchomeka kifuani au nyweleni. Vingine hurushwa kitandani basi. Asubuhi vimenyauka, vinafagiwa. Hakuna aliyewahi kulala vibaya kwa kukosa asumini, na ndiyo maana nakutajieni.

Lakini nyongeza si ya mikono peke yake. Kuna watu waliowaachia watoto wao maneno.

Huko kaskazini, katika visiwa vya Lamu, aliishi mwanamke aitwaye Mwana Kupona binti Mshamu. Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siu, na alipigana na majeshi ya Sultani wa Zanzibar. Mume alikwisha kufa, na Mwana Kupona mwenyewe alikuwa mgonjwa, na alikuwa na binti, Mwana Hashima. Mwaka 1858 alimtungia binti huyo utendi wa beti zipatazo mia moja. Mama mgonjwa akitaka kumuusia mwanawe anaweza kumwita kitandani akamwambia: mche Mungu, kaa vizuri na watu, tunza nyumba yako na mwili wako. Dakika chache zinatosha. Mwana Kupona aliyasema hayohayo, ila aliyatafutia vina na mizani, ubeti baada ya ubeti. Baadhi ya mawaidha yake kuhusu mke na mume wasichana wa leo huyabishia, na mimi siwakatazi. Lakini fikirieni ule ugonjwa, na yule mtu bado anahesabu mizani. Aliishi kama miaka miwili tu baada ya hapo. Utendi wake mpaka leo unasomwa.

Shaaban Robert naye, ambaye alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga, alifanya hivyo. Alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, mshahara wake si wa kutajirisha mtu. Binti yake alimtungia Utenzi wa Hati. Mwanawe wa kiume alimtungia Utenzi wa Adili. Mama yao, Amina, alipofariki alimlilia kwa shairi. Nadhani watoto wale kuna siku walitaka baiskeli kuliko utenzi. Ningekuwa mimi ningetaka baiskeli. Baiskeli ingekuwa imekwisha kuoza sasa.

Na kwa kuwa nimetaja baiskeli, nimemkumbuka mtu mwingine. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini mwa Tanganyika, akaja Dar es Salaam kutafuta riziki kwa kazi za mkono. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora. Turubai za wachoraji hakuwa nazo. Alichukua vipande vya mraba vya mbao nyepesi za kiwandani, zile wajenzi wanazobandika darini, na rangi za kupakia baiskeli, akachora ndege, chui, tembo, wanaong'aa mpaka unatamani kuwagusa. Wanafunzi wake wa kwanza wengi walikuwa jamaa zake mwenyewe, watu wa ukoo mmoja, wakikaa pamoja kibarazani na makopo ya rangi. Alifariki mwaka 1972, lakini jina lake limekuwa jina la uchoraji mzima, na michoro hiyo mnaiona imetundikwa kwenye maduka ya watalii kote Afrika Mashariki. Rangi ni ileile iliyokuwa ikipakwa baiskeli za watu, na baiskeli hazikuwa na chui.

Sasa, kuna maneno sitaki myachukue kwangu, maana mtayasikia kwa wengine. Mtasikia mtu akisema maskini wana furaha, hawahitaji kitu. Mwambieni aje alale chini ya paa linalovuja mwezi wa nne. Paa linalovuja si zuri. Kufuata maji kisima cha mbali kabla ya alfajiri si kuzuri, hata kama mama aliyefuata maji anaimba. Mtoto kukosa kwenda shule kwa sababu ya daftari si kuzuri. Mimi nimewaambia habari za nyongeza, na nyongeza huja juu ya fungu. Muuzaji anayekupa nyanya moja ya bure na kukupunja fungu zima ni mwizi. Fungu kwanza. Nilivyoona mimi, watu hudai fungu lao kwa nguvu zaidi wakiwa wanajua wanachokilinda nyumbani.

Na jambo la pili nawaambia wavulana, wale wawili wanaojifanya hawasikii. Hesabuni watu niliowataja. Anayechemsha rangi ni nani? Anayekuna nazi? Anayechambua miba? Anayechuma asumini? Mbona mikono ni ya mama na dada zenu tu? Siti hakuumbwa na koo la kike ndipo akaimba. Aliimba kwa sababu alipenda. Kuna ufagio wa chelewa pale nyuma ya mlango. Uwanja wetu ni wa mchanga, na mchanga ukifagiwa na mtu mwenye haraka takataka huondoka, haja imetimia. Ukifagiwa na mtu mwenye moyo, akirudi kinyumenyume, chelewa huacha mistari mizuri ya upinde, upinde juu ya upinde, kutoka mlangoni mpaka kwenye mwembe, wala hakuna alama ya mguu hata mmoja. Babu yenu ndiye aliyekuwa akifagia hivyo kila siku ya Ijumaa tulipooana. Majirani walimcheka. Kisha mmoja akaanza, halafu wa pili, na asubuhi za Ijumaa mtaa mzima ukawa na mistari, na kuku ndio waliokuwa maadui zetu.

Hapo nilimpenda zaidi, lakini hayo hayawahusu.

Baada ya isha, umeme ukiwapo au usiwepo, tulikuwa tukitegeana vitendawili, na bado tunategeana wageni wakizidi na televisheni ikashindwa kuwatosha. Mnajua kanuni. Mtegaji anasema "Kitendawili!" Wengine wanajibu "Tega!" Anatega. Mkishindwa, hasemi jibu bure; anadai mji. Mnampa mji, mzima mzima, na watu wake na masoko yake, na yeye anajisifu amekwenda huko akapokewa kwa heshima na kula vinono, ndipo anawafungulia kitendawili. Hebu fikirini aliyebuni kanuni hiyo. Kitendawili chenyewe kilikuwa kinatosha. Yeye akaongeza mji, na tangu hapo mtoto asiye na senti mfukoni anakwenda kulala akimiliki Mombasa.

Juzi mjukuu wangu mdogo, yule aliyeng'oka meno ya mbele, alisimama katikati akadai zamu. Tulidhani atatega kile cha nyumba isiyo na mlango, ambacho kila mtu anajua ni yai, na tukajitayarisha kujifanya hatujui.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Ninaye mtu wangu. Mchana husimama konani, usiku hulala, nami juu yake. Hachoki."

Tukaanza. Shangazi akasema kitanda. Kitanda hakisimami. Baba yake akasema mlango. Ulalie mlango? Kaka yake akasema farasi, hatukujua kwa nini. Babu akanyamaza, ishara kwamba hajui na hataki tujue kwamba hajui.

"Nipeni mji."

Tukampa Tanga. Akaikataa, kasema Tanga alipewa wiki iliyopita. Tukampa Lamu, akaipokea, lakini akasema kitendawili hiki ni kikubwa, kina miji miwili. Mjomba wake, aliyepiga simu kutoka Maskati anakofanya kazi na ambaye tulikuwa tumemweka kwenye sauti asikilize, akasema kwenye simu, "Mpeni Maskati, mimi natoa." Mtoto akafikiri, akauliza kama bahari yake ni pamoja. Akaambiwa pamoja.

"Basi nilikwenda Maskati, nikapokewa na mjomba, nikala halua mpaka nikaumwa tumbo. Jibu ni mkeka!"

Babu akalalamika kwamba kitendawili hicho hakimo. Yeye anavijua vyote vya zamani, alisema, kafundishwa na babu yake, na hicho hakimo kabisa.

"Sasa kimo," mtoto akajibu, na kwa kuwa Babu alikuwa hajatoa chochote, akamdai mji wake peke yake.